Spika ya Chumba cha Arobaini

Mume wangu Fondo alikuwa fundi wa muziki wa hoteli nzima. Hoteli ya watalii, yenye baa tatu na bwawa la kuogelea, na kila kona spika imefichwa kwenye kichaka cha maua. Muziki ukikatika wageni wakiwa wamelala kando ya bwawa, Fondo alichukua bisibisi yake, akapotea vichakani, na muziki ukarudi kabla barafu haijayeyuka kwenye bilauri zao. Sasa hebu niambie, fundi kama huyo anashindwaje na spika moja, waya mmoja, chumba kimoja, tena chumba cha mke wake?

Swali hilo lilinikaa kooni mwaka ule wa themanini na sita, nikiwa nimefungiwa na mtoto wangu wa kwanza katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Shella, Malindi. Sikufungiwa kwa kufuli. Kwa kufuli ningejua la kufanya, ningepiga mlango mateke mpaka majirani waje. Nilifungiwa kwa uji wa pilipili manga, kwa maji ya moto ya kukandwa asubuhi na jioni, kwa "lala mwanangu, pumzika mwanangu". Nilifungiwa kwa arobaini.

Mama mkwe wangu, Kadii, alizaliwa Tezo kwenye mashamba ya minazi na mikorosho, lakini ameishi Shella tangu usichana wake, na katika mambo ya uzazi alikuwa amekusanya masharti ya huko na ya huku akayafuata yote, asije akakosea. Mzazi hatoki mpaka arobaini yake itimie. Dirisha halifunguliwi, upepo utamwingia. Hapandi juu ya kitu, hainui kitu, hagusi maji baridi. Na sharti kubwa kuliko yote: mzazi hasikii habari ya msiba. Hata jirani akifiwa, watu walipita mlangoni kwetu wamekunjua nyuso, kwa sababu mama akishtuka maziwa hukauka, na maziwa yakikauka mtoto yuko mashakani.

Mimi ni Mmaragoli. Nilizaliwa hapo hapo Malindi, Kisumu Ndogo, kwa wazazi waliokuja pwani kutafuta kazi, na kwetu mzazi akipata nguvu anashika jembe. Lakini nilikuwa nimeolewa, na Kadii alinipenda, na kupendwa nako kunafunga. Nikakubali shingo upande. Nikakaa ndani ya kile chumba chenye joto na harufu ya ubani, dirisha limefungwa, jasho linanitiririka mgongoni, nikisikia watoto wa watu wakicheza kichochoroni kana kwamba dunia ni yao peke yao.

Niliyekuwa nikimngoja ni mama yangu. Jina lake Jedida. Aliuza maharagwe na sukuma wiki katika soko la Malindi miaka na miaka, meza yake imegusana na meza ya Kadii, aliyeuza nazi na mchicha. Fondo na mimi tulidhani tumechaguana wenyewe kule hotelini, kumbe wale wawili walishamaliza maneno yote juu ya mafungu ya mchicha. Baba, Mzee Laban, alipofariki, mama alirudi Maragoli, na miguu yake ikaanza kuvimba. Mimba yangu ilipokuwa kubwa alimpa dereva wa basi salamu aniletee: mtoto akizaliwa, nitakuja kumwogesha kwa mikono yangu.

Nikajifungua. Hakuja. Nikaambiwa amelazwa hospitali ya misheni, asiwe na wasiwasi mtu. Kila jioni nilimwuliza Fondo habari zake, na kila jioni Fondo alijibu neno moja: "Anaendelea." Nikimwambia apige simu kutoka hotelini, hunijibu kwamba simu za bara hazishiki. Sikutaka kitu kingine duniani. Sikutaka kanga mpya wala supu ya kuku. Nilitaka kujua mama yangu anaendelea kwenda wapi.

Sasa nije kwenye spika. Kabla sijajifungua Fondo aliona jinsi nilivyoziogopa zile siku za chumbani, akanifanyia jambo zuri, na nasema wazi kwamba lilikuwa zuri. Hoteli ilibadilisha spika zake, za zamani zikatupwa stoo, naye akaomba mbili. Redio kaseti yetu ilikaa sebuleni juu ya kabati. Nyuma yake Fondo akatoa nyaya mbili. Mmoja ulipita chini ukutani ukaingia chumbani kwangu, kwenye spika aliyoitundika mkabala na kitanda. Wa pili ulikuwa wa jikoni, kwa mama yake. Huo ulipanda juu, ukafuata boriti za chumba changu, ukapita juu ya kitanda, ukatokea uani mpaka jikoni.

"Hutakuwa peke yako," aliniambia. "Nairobi yote itakuwa humu ndani."

Na ikawa. Siku za kwanza nilisikia kila kitu: nyimbo, salamu za wasikilizaji, bei ya mahindi, michezo ya kuigiza, taarifa ya habari ya saa saba, na baada ya taarifa ya habari, matangazo ya vifo. Miaka ile hapakuwa na njia nyingine. Mtu akifariki Maragoli na nduguye yuko Malindi, redio ndiyo iliyomfikia. Barua ilifika watu wameshaanua matanga. Kwa hiyo saa ile kila nyumba yenye watu wa mbali ilinyamaza, vijiko vikawekwa chini, kila mtu akasikiliza majina huku akiomba asisikie la mtu wake.

Kitovu cha mtoto kilipokatika, Kadii aliingia chumbani alfajiri kabla sijamaliza kunyonyesha. Kwao binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Mimi nilikuwa tayari. Moyoni nilishaanza kumwita Kadii. Akamchukua mtoto, akasimama naye mlangoni, akamnong'oneza sikioni, kisha akanigeukia.

"Huyu ni Jedida," alisema.

Nilishtuka nikakaa wima. "Mama, hapana! Kwetu jina la bibi halipewi mtoto bibi mwenyewe akiwa hai. Ni kumtakia mabaya. Hilo ni jina la kumrudisha mtu aliyekwisha kuondoka."

Alisimama pale, mtoto kifuani, akinitazama usoni kwa muda mrefu, hata nikaona haya na kuvuta kanga. Alionekana kama mtu aliyeuliza swali na sasa anangoja jibu.

"Ndilo jina lililokuja, mwanangu," alisema mwishowe. "Lishike."

Nikakasirika kweli kweli. Nikajisemea moyoni, huyu mama ni mwema, lakini mila za watu hazijui, anadhani dunia yote ni Tezo. Nikaapa sitalitamka jina lile mpaka mama yangu aje mwenyewe acheke na kusamehe. Nikawa namwita mtoto "mtoto" tu.

Mchana wa siku hiyo hiyo ndipo spika yangu ilipokatika kwa mara ya kwanza. Msomaji wa habari alikuwa anaaga, nikasikia "tk", kisha kimya. Nilidhani stima imepotea. Baada ya kitambo ikasema "tk" tena, na wimbo ukaingia katikati. Jioni Fondo aliporudi nikamweleza. Akapanda kiti, akaifungua spika, akapuliza, akakuna waya kwa ukucha.

"Chumvi," alisema. "Kuta hizi za mawe ya pwani zatoa jasho la chumvi, na chumvi yala shaba. Hata hotelini ni hivyo hivyo."

Akafunga tepu mpya nyeusi, muziki ukalia, akashuka anajipangusa mikono. Nami nikamshukuru! Nikikumbuka jinsi nilivyomshukuru, uso unanichoma hata leo.

Kesho yake ikakatika tena. "Leo ni joto," akasema Fondo. "Jua la saa saba lalegeza maungio." Ikakatika siku iliyofuata. "Huenda ni panya." Alipanda, akashuka, akapanda. Hakunitazama. Fundi aliyekuwa akiimba akifanya kazi, sasa anafanya kazi kimya, tena haraka, na kila mara anasema imepona.

Hapo ndipo aliponikosea hesabu. Mimi si mgeni wa nyaya. Pale hotelini nilikuwa mapokezi, na mashine ya muziki ilikaa nyuma ya meza yangu. Uchumba wetu wote ulipita tumechutama nyuma ya mashine ile, yeye akinifundisha ili apate sababu ya kukaa. Alinifundisha namna ya kuijua spika iliyo hai: unatoa nyaya zake, unazigusisha kwenye betri ya tochi. Ikikohoa, ni nzima, ugonjwa uko kwingine. Isipokohoa, ndiyo iliyokufa.

Kadii alipokwenda sokoni nikachukua tochi iliyokuwa chini ya kitanda, nikatoa betri, nikaigusisha. Spika ikakohoa vizuri kabisa, "kra, kra", mpaka mtoto akafumbua macho. Nikabandua ile tepu nyeusi. Shaba ilikuwa inang'aa, safi, haina hata doa la kijani. Ile chumvi yote iliyokuwa ikisingiziwa haikuwapo.

Basi nikaacha kutazama waya, nikaanza kutazama saa. Nilikuwa na nini kingine cha kufanya? Spika haikukatika asubuhi. Haikukatika wakati wa nyimbo wala wakati wa mpira. Ilikatika msomaji wa habari akiaga, ikarudi matangazo ya vifo yakiisha. Jioni vivyo hivyo. Nikajipa moyo kwamba ni bahati mbaya tu. Kisha ikaja Jumapili. Jumapili matangazo yalisogezwa mbele kwa ajili ya ibada, na siku hiyo kasoro ya spika yangu nayo ikasogea, ikafuata matangazo hadi saa yake mpya.

Kutu haina saa. Panya hajui Jumapili. Pale sebuleni, nyuma ya redio, palikuwa na mkono wa mtu ukichomoa waya wangu.

Na mara tu nilipoujua mkono, nikalikumbuka jina. Alfajiri jina, mchana kimya, siku moja. Nikadhani lilimponyoka Kadii bila kukusudia. Nilihisi baridi ndani ya lile tanuri la chumba. Nikamwangalia mtoto amelala, nikashindwa hata kumgusa.

Jioni ile nilimwuliza Fondo uso kwa uso. "Mama yangu yu hai?"

Msumari aliokuja nao kuubana waya ukaanguka sakafuni, akainama kuutafuta, akautafuta muda mrefu kuliko msumari wowote. "Maliza arobaini yako, Idah," alisema akiwa bado chini. "Ukimaliza tutakwenda kwenu sote, mimi, wewe na mtoto."

"Sikukuuliza tutakwenda lini."

"Anaendelea," akasema, akatoka.

Utaniuliza kwa nini sikutoka tu nikaenda sebuleni. Miguu ilikuwa yangu. Nilijaribu. Kesho yake nilifungua mlango, nikafika ukumbini, na Kadii akanikuta pale na beseni la maji ya moto. Hakunifokea. Angenifokea ningempita. Aliweka beseni chini, akanishika miguu, mwanamke mwenye mvi zile, akasema, "Mwanangu, nakuomba, mtoto huyu ni mdogo mno. Usimtie kwenye upepo." Utampitaje mtu aliyekushika miguu? Nikarudi. Na hata ningefika sebuleni, wangeizima redio na kunitengenezea uongo mwingine, maana sasa niliwajua: walikuwa wameshazoea. Nililohitaji ni kusikia wao wasijue nimesikia.

Nikalala chali, nikatazama juu. Na juu, kwenye boriti, ulipita waya wa jikoni.

Ule waya hawakuuzima kamwe. Saa ya matangazo, akishauchomoa wangu, Kadii alikuwa jikoni, na spika yake ilinong'ona chini sana, nami kwa umbali ule wa ua niliambulia mvumo tu bila neno. Kila siku habari zilikuwa zinapita juu ya kichwa changu, zinavuka chumba changu kwenda kwa mtu mwingine, na mimi nimelala chini yake.

Nikangoja nafasi mpaka Ijumaa. Baada ya chakula nilimlaza mtoto pembeni, nikang'oa spika yangu ukutani pamoja na kipande cha waya wake. Kwenye kikapu cha mtoto, pamoja na mafuta ya nazi, Kadii alikuwa ameweka wembe mpya, haujafunguliwa karatasi, wa kumnyolea mtoto nywele siku ya arobaini. Nikaufungua. Nikapanda kitandani, mimi niliyekatazwa kupanda hata kizingiti, nikasimama kwa ncha za vidole, mishono ikinichoma, nikaubambua waya wa jikoni sehemu mbili, polepole, nisiukate. Msomaji wa habari akaaga. Nikakunjia waya wangu juu ya ule wao.

Spika ikaanza kunong'ona mkononi mwangu. Niliiweka sikioni kama simu. Majina ya watu nisiowajua, wa Meru, wa Machakos. Sauti ilikuwa ndogo, na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo Fondo alinifundisha na mimi nikalisahau: spika mbili zikigawana waya mmoja, sauti hushuka kwa zote mbili. Jikoni nako ilikuwa imeshuka.

Nikasikia kandambili za Kadii zikitoka jikoni, zikivuka ua, zikiingia sebuleni. Hakujua kitu. Alidhani redio imelegea. Akakamata kitufe, akaongeza sauti.

Na sauti ikajaa chumba kizima.

"Tangazo la kifo. Familia ya marehemu Mzee Laban wa Maragoli inasikitika kutangaza tena kifo cha Mama Jedida, aliyekuwa mfanyabiashara wa soko la Malindi, kilichotokea hospitalini baada ya kuugua. Mazishi yatafanyika nyumbani kwake kesho, Jumamosi. Habari hizi zimfikie mwanawe Joram popote alipo njiani, na zimfikie hasa binti yake Idah, mke wa Fondo, aliyeko Malindi."

Zimfikie hasa. Redio ya taifa ilikuwa inaniita kwa jina langu, mchana na jioni, siku baada ya siku, na mimi nilikuwa humu humu ndani, nimelishwa, nimekandwa, nimefunikwa. Wakenya wote waliokuwa na redio walijua kwamba mama yangu amekufa. Aliyekuwa hajui ni mimi.

Mlango ukafunguka. Kadii alinikuta nimesimama juu ya kitanda, spika mkononi, wembe mdomoni, nyaya zikining'inia. Hakupiga kelele. Akaufunga mlango nyuma yake.

"Shuka, mwanangu," alisema. "Utaanguka."

Nikautoa wembe mdomoni. "Tangu lini?"

"Tangu kitovu hakijakatika. Nduguyo aliye kule Maragoli alipiga simu hotelini kwa Fondo."

Nikashuka. Sijui nilishukaje. "Mmeninyima kumlilia mama yangu," nikamwambia. "Mmeninyima kumzika. Mmekaa mnanipa uji!"

"Ungekwendaje? Na mtoto mbichi huyu, basi siku nzima na usiku kucha? Na maziwa..."

"Maziwa, maziwa! Mimi ni ng'ombe?"

Alikaa sakafuni pale pale alipokuwa amesimama, akaegemea ukuta. Kwa mara ya kwanza nikamtazama vizuri. Macho yake yalikuwa mekundu, na kope zimevimba. Siku zote zile nilidhani ni moshi.

"Nawe wadhani mimi nimekaa raha?" alisema. "Jedida alikuwa mwenzangu. Tumekula sahani moja pale sokoni miaka yote ile, nikiumwa auza nazi zangu, akiumwa nauza maharagwe yake. Amekufa, na mimi katika nyumba yangu mwenyewe siwezi kutoa sauti, kwa kuwa upande wa pili wa ukuta uko wewe. Nimelia jikoni nikisema kuni mbichi. Kila mchana nasikiliza redio, si kwamba sijui, nataka kusikia mtu akilitaja jina lake."

Nilitaka kumhurumia, lakini hasira zilikuwa zimenijaa hadi kwenye meno. "Mbona basi hukuniambia? Wewe! Fondo namjua, Fondo ni mwoga wa machozi. Lakini wewe, mama?"

Kadii aliinua uso. "Nilikuambia."

"Lini?"

"Alfajiri ile. Mlangoni pale." Akaonyesha kwa kidevu. "Wadhani mimi sijui mila zenu? Jedida mwenyewe alinieleza tukimenya njegere, kwamba kwenu jina halirudi nyumbani mpaka mwenyewe aondoke. Mdomo wangu ulifungwa na arobaini, mwanangu, siwezi kumpa mzazi habari ya msiba, hilo nimelikuta na nitaliacha. Lakini jina si habari. Zamu ilikuwa ya jina langu, nikaliweka kando, nikakuletea lake mbele yako. Nikasimama. Nikangoja uniulize." Akatikisa kichwa. "Ukanifokea ukaniambia sijui."

Mwanamke huyu alikuwa ameniambia waziwazi, kwa lugha ya kwetu, siku ile ile ya kwanza, na mimi nikajifanya mjuzi nikamwona mshamba wa Tezo. Siku zote zile nilikuwa naukagua waya.

Nikakaa sakafuni karibu naye. Akanivuta kichwa changu, na tukalia wote wawili, kwa sauti, bila kuni na bila moshi. Sijui majirani walisema nini. Tulilia mpaka nyimbo za redio zikaisha na nyingine zikaanza, na hakuna aliyeinuka kuizima.

Baadaye niliinuka nikafungua mlango, na Kadii hakunizuia. Nikapita ukumbini, nikafika hadi mlango wa mbele. Jua lilikuwa kali kichochoroni. Nilisimama pale nikiifikiria njia: basi la Mombasa, la Nairobi, kisha la Kakamega. Hata ningepanda saa ile ile, ningefika udongo umeshakauka juu yake. Mlango ulikuwa wazi na sikuwa na pa kwenda. Nikarudi chumbani kwa miguu yangu mwenyewe, na huko kurudi ndiko kulikonichoma zaidi kuliko siku zote nilizofungiwa.

Fondo alirudi magharibi, bisibisi mfukoni kama kawaida. Alikuwa ameshaandaa uso wake wa uongo tangu kichochoroni, nilimsikia akipiga mluzi. Akasukuma mlango. Akaiona spika sakafuni, akauona waya wa mama yake umebambuliwa juu, akaniona mimi na mama yake tumekaa kwenye mkeka, macho yamevimba sawasawa. Mluzi ukakatika.

"Weka bisibisi yako," Kadii alimwambia. "Waya ni mzima."

Alisimama tu, mtu mzima na mikono yake mirefu, machozi yanamlengalenga. Nilikuwa nimemwandalia maneno, Mungu ananijua, maneno ya kumtosha hadi uzee. Lakini mtoto aliamka, akaanza kulia, kile kilio cha hasira kisichongoja mtu, na Fondo akauliza kwa sauti ndogo:

"Mtoto analia nini?"

Walikuwa wamenificha mama yangu kwa ajili ya maziwa. Nilimwinua mtoto nikamweka kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nikamtaja.

"Jedida ana njaa," nikasema.

Hata kabla hajashika ziwa, maziwa yalikuwa yameshalowesha kanga yangu mpaka kiunoni.